Kadi ya Mke wa Mtu wa Reli

10 Machi

Nimeamua kuandika, maana nikimwambia Hedvika wa mlango wa pili kitu asubuhi, jioni jengo zima linakijua, na wengine wamekitia chumvi.

Mume wangu Olda amekuja kuchukua viatu vyake vya baridi. Alipiga kengele. Ufunguo anao, nilimwona kupitia tundu la mlango akiupapasa mfukoni, lakini akaona bora apige kengele kama fundi wa gesi. Tangu Septemba yuko kwenye kibanda chetu cha mtoni. Aliniaga anakwenda kupaka madirisha rangi. Rangi ilikauka, yeye hakurudi, na Oktoba akanipigia simu kusema anaona afadhali abaki hukohuko.

Tulikaa jikoni. Akaniambia wakili amepata tarehe ya mahakama, mwanzoni mwa Juni. Hatuna cha kugombania. Nyumba yangu, kibanda chake, binti yetu Radka ni mtu mzima, yuko Brno na maisha yake. Alivyoyasema ungedhani anasoma ratiba ya treni.

"Na kadi yangu?" nikamuuliza.

"Kadi gani?"

"Ya treni. Ya mke wa mtu wa reli. Nikishaachika si wataichukua?"

Akakuna shingo. "Wataichukua, ndiyo. Ni ya mke."

"Basi hebu nisikilize, Olda. Miaka thelathini nimeolewa na mtu wa reli, nasafiri karibu bure, na Praha, mji mkuu wetu, naijua kutoka jukwaa la stesheni tu. Tulikuwa tunabadili treni pale kwenda kwa mama yako, unanivuta mkono, haraka, haraka. Daraja la Karel nimeliona kwenye kopo la biskuti. Nionyeshe Praha kabla hawajaninyang'anya kadi. Jumamosi tu. Chakula nitabeba mimi."

Akageuza viatu, akakagua soli. Nikajua atakataa. Kisha akasema, "Sawa. Lakini usivae vile viatu vyekundu."

Kadi siijali hata kidogo. Hilo naliandika hapa, kwingine silisemi. Nataka nimrudishe mume wangu, na kwa kuwa mbele ya watu sijui kulia, nitampata kwa nyama ya kukaanga.

17 Machi

Theluji, mwezi Machi! Upepo wa Praha unaingia hadi kwenye mbavu.

Niliamka mapema nikaponda nyama ya nguruwe, nikaiviringisha kwenye unga, mayai na chenga za mkate, nikaikaanga, nikaifunga kwenye karatasi ya foili na matango ya siki pembeni. Kwetu safari bila nyama ya foili si safari. Wageni wanalipia mezani, sisi tunakula kwenye benchi na mikono inang'aa mafuta.

Tulipoteremka Olda alisimama katikati ya stesheni, watu wanatupita kushoto na kulia.

"Haya, tupeleke mtoni," akasema.

"Mimi? Wewe si ndiye mtu wa reli!"

"Leo mimi mgeni. Soma vibao."

Nikasoma vibao. Nikatupeleka kwenye tramu ya kinyume, tukaishia kwenye mtaa wa maghala. Zamani Olda angenishika mkono kwa hasira anigeuze. Leo alisubiri hadi nikagundua mwenyewe, kisha akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho sijakisikia tangu mwaka juzi. Nilitamani nitupoteze tena.

Darajani Wajapani walikuwa wanapiga picha kila jiwe. Tulisimama karibu na sanamu ya mtakatifu aliyetupwa mtoni, tukala nyama, pua zimeganda.

"Nzuri," Olda akasema.

"Nyama au Praha?"

"Nyama. Praha ina watu wengi mno."

18 Machi

Miguu. Sitasema zaidi.

24 Machi

Ngome. Uani hadi kanisani ni bure, pa kulipia hatukuingia. Tuliona walinzi wakibadilishana zamu, vijana wadogo wanakaza nyuso kama wamenyimwa chakula. Nilitaka kumchekesha mmoja, Olda akanivuta mkono wa koti. Alinigusa, yaani. Niko na miaka hamsini na nne na nimekuja nyumbani nafikiria mkono wa koti.

Hatembei mbele tena. Alikuwa na tabia ya kwenda mbio hatua kumi mbele yangu, hata siku ya harusi nilimfukuzia. Sasa anakaa nyuma kidogo ya bega langu. Nikigeuka, yupo, ananitazama napeleka macho wapi. Kanionyesha choo cha bure nyuma ya maktaba, na kantini ya ofisi moja ambako mtu yeyote anaruhusiwa kula supu kwa bei ya wafanyakazi. Kaniambia nisimame behewa la pili maana ndilo linalofika karibu na ngazi.

"Kumbuka," anasema. Kila kitu, "Kumbuka hapa."

Hedvika kanikamata kwenye lifti. "Milada, hivi mnaachana au mnachumbiana? Niambie nijue nivae nini."

"Tunatumia kadi," nikamjibu.

"Aa, kadi," akasema, na macho yake yalicheka hadi ghorofa ya tano.

2 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Nilipaka mayai rangi kwa maganda ya vitunguu, nikaweka chupa na vikombe vidogo mezani. Wanaume wa jengo walipita na fimbo zao za vitawi vya mierebi, wakatuchapa wanawake miguu kwa mila ya siku hiyo, wakapokea mayai, wakanywa, wakapanda ghorofa nyingine wakiyumba. Olda hakuja.

7 Aprili

Alikuwa zamu siku ya Pasaka, ndivyo anavyosema. Sikuuliza. Nilimpa mayai mawili ndani ya treni, akayala papo hapo na chumvi yangu.

Kulikuwa na jua kwelikweli. Tulipanda kilima cha Vyšehrad kwa miguu kuokoa tiketi, tukakaa juu ya ukuta tunatazama mto. Nilimuuliza kama kibanda kina baridi. Kina. Nikamuuliza anapika nini. Dengu. Nikamuuliza kama hachoki kukaa peke yake na akageuza uso upande wa mto.

"Hapana," akasema. "Sichoki."

Nikajitia hamnazo, nikamwonyesha meli.

14 Aprili

Joto kama la Juni. Micheri, ile miti ya cheri, imepasuka maua yote kwa mpigo, hata ile iliyokonda mbele ya shule ninakopika. Praha nzima ni nyeupe na waridi. Olda kavua koti. Shati lilikuwa limepigwa pasi, vibaya, lakini limepigwa pasi kwa ajili ya Jumamosi. Mwanamke huyaona hayo.

21 Aprili

Joto bado. Tulivuka mto kwa kivuko, kinapokea tiketi ileile ya tramu, Olda hakuamini hadi nilipomwonyesha kwenye kibao. Mimi nilimwonyesha yeye! Alifurahi kupita kiasi. Kanipigapiga mgongoni, kasema, "Umeona? Umeona sasa?"

Nimeanza kuona mambo. Niliishi na huyu mtu nikidhani ni mkavu, mtu wa kupanga treni zipite na kurudi kulala. Kumbe ana subira. Anangoja mtu amalize kusoma kibao. Sijui kama alikuwa hivi siku zote au mimi sikumpa nafasi ya kungoja, maana jikoni kwangu mimi ndiye niliyekuwa nasema na yeye ndiye aliyekuwa anakula.

28 Aprili

Maua yamekwisha. Wiki mbili za joto na njia za bustani zimejaa petali za kahawia. Jumanne ni tarehe mosi Mei na hakuna mcheri mmoja wenye ua. Nina wasiwasi wa kijinga.

1 Mei

Nitaandika yote.

Kwetu, tarehe mosi Mei, mwanamke sharti abusiwe chini ya mti uliochanua, mcheri kwa kawaida, la sivyo atanyauka mwaka mzima. Wasichana wanacheka wanapolisema, na bado wote wanakwenda. Tulipokuwa wachumba Olda alinibusu chini ya mcheri wa nyuma ya ghala la reli, kukiwa na mvua. Baada ya harusi tukaacha. Siku ya mapumziko, kuna nyasi za kukata, nani ana muda.

Sikumwomba. Nilisema tu, "Jumanne ni mapumziko na treni zipo," akasema, "Twende basi."

Tulipanda kilima cha Petřín. Watu wamejaa kama sokoni, vijana, wazee, wenye mbwa, wote wamepanga foleni chini ya micheri isiyo na kitu, majani mabichi tu. Walikuwa wanabusiana hivyohivyo na kupiga picha. Kijana mmoja alimwagia mpenzi wake petali za kahawia alizookota chini, wakacheka hadi wakakaa.

Mimi nilikuwa tayari kwa majani. Nilisimama chini ya mti, nikajifanya natazama mnara.

"Huu hauna maua," Olda akasema.

"Wengine wanautumia."

"Hauna maua, Milada. Si sawa."

Akaondoka. Nilidhani amepata kisingizio, nikahisi uso unawaka moto. Kisha nikamwona anakwenda mti hadi mti, ameinua kichwa, anapinda matawi kama mtu aliyeangusha kitu. Akateremka mtaro, akapanda tena. Shati limelowa mgongoni. Mama mmoja mwenye mkongojo akamuuliza, "Umepoteza nini, bwana?"

"Natafuta mti uliochanua."

"Umechelewa, mwanangu! Mwaka huu hata Mungu ameharakisha." Kisha akaelekeza mkongojo kwenye ukuta wa monasteri. "Kuna mpea kule kwenye kivuli. Huwa unachelewa, kama marehemu mume wangu."

Olda alirudi kunichukua, kanishika mkono kabisa, si koti, tukaenda. Mpea ulikuwepo, mbaya, umepinda, na tawi moja lina vishada vitatu vya maua meupe. Alinisogeza hadi nikasimama sawasawa chini ya tawi hilo. Akavua kofia. Akanibusu mdomoni, polepole, kama anafanya kazi anayotaka itoke vizuri.

"Haya, Miluška," akasema.

Miluška. Jina hilo hajaniita tangu kabla Radka hajaenda shule.

Kwenye treni alisinzia na bega lake likaniegemea kuanzia stesheni ya Kolín mpaka nyumbani. Nimeshinda. Naandika kwa herufi kubwa: NIMESHINDA. Kesho nitanunua mapazia mapya ya chumbani.

5 Mei

Olda zamu. Nimetundika mapazia, ya kijani.

12 Mei

Nimeketi hapa na kalamu na nitaandika, maana nisipoandika nitakwenda kugonga kwa Hedvika.

Tulikuwa upande wa Mji Mdogo, chini ya ngome, tumekula nyama yetu kwenye bustani ya tausi. Olda akajifuta mikono akasema, "Leo tucheze. Mimi naondoka sasa. Wewe zunguka popote unapotaka, peke yako, kisha tukutane kwenye treni. Nitakuwa behewa la pili."

Nilicheka. Nilidhani ni mchezo wa wapenzi, kupoteana na kutafutana. Nilimwambia, "Nisipokuja?" Akasema, "Utakuja."

Basi nikazunguka. Niliingia kanisani nikasikiliza mtu anafanya mazoezi ya kinanda, bure. Nilipanda tramu, nikashuka, nikapanda nyingine. Mgeni aliniuliza njia ya darajani kwa mikono, nikamwonyesha kwa mikono. Nilijipaka rangi ya mdomo mbele ya dirisha la duka. Nilikuwa na furaha ya kuchanganya kichwa, kwa sababu kila nilichokiona nilikuwa napanga jinsi nitakavyomsimulia.

Nilifika mapema. Behewa la pili. Olda alikuwa dirishani, na aliponiona nakuja jukwaani uso wake ulifunguka, akasimama kabisa. Nilipanda ngazi nikiwa nimejawa na mambo ya kumsimulia. Niliketi mbele yake.

"Sasa unaweza," akasema.

"Naweza nini?"

"Peke yako. Sikuwa na uhakika, unajua. Ulipoleta habari ya kadi nikajua unaogopa. Hujawahi kwenda popote bila mimi, hata Brno kwa Radka. Nikajiambia, nikimwacha hivi atajifungia ndani ya nyumba ile, atazeeka na Hedvika. Sikuwa nalala vizuri kwa hilo." Akatabasamu. "Leo nitalala."

Treni ilikuwa imeshaondoka. Sikuweza hata kushuka.

"Vibao," nikasema. "Choo. Supu. Kumbuka hapa, kumbuka hapa. Ulikuwa unanifunza kama mtoto wa darasa la kwanza?"

"Nilidhani ndicho ulichotaka. Wewe ndiye uliyesema hujaiona Praha."

"Olda, nilikuwa nakutaka wewe! Praha ya nini mimi? Daraja lina faida gani kwangu?"

Kondakta alifungua mlango, akatutazama, akaufunga taratibu.

Olda alipauka uso. Nadhani kweli hakujua. Ndilo linaloniua, hakuwa mjanja, hakunichezea. Alikaa na kofia magotini anaizungusha.

"Na ulinibusu," nikamwambia.

"Ilikuwa tarehe mosi Mei."

"Nilikuona unavyotafuta mti! Mwanamume hatafuti mti hivyo kwa ajili ya mila."

"Sikutaka unyauke, Milada," akasema. "Mimi nisingekuwepo mwaka kesho. Nilitaka angalau huu uwe sawasawa."

Nilimuuliza ni nani. Kuna mwanamke, niambie jina lake. Nilitamani awepo, nimchukie. Akatikisa kichwa. "Hakuna mtu. Angekuwepo ingekuwa rahisi kukueleza. Nikifungua mlango wa nyumbani nachoka kabla sijavua viatu. Si kosa lako. Hupigi kelele, hunitukani, unapika vizuri. Ninachoka tu. Kule mtoni sichoki."

Nikageukia dirisha hadi nyumbani. Nje mashamba ya haradali yalikuwa ya njano tupu, mazuri kiasi cha kukera. Kwenye ngazi za stesheni alitaka kunibebea mkoba wa chakula. Nikaung'ang'ania.

13 Mei

Nimelia. Leo nimejua, kumbe kulia najua.

19 Mei

Sikwenda. Naye hakupiga simu. Nilikaanga nyama kwa mazoea, nikampelekea Hedvika sahani nzima. Akaniuliza kimya kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimjue: "Basi?"

Nikamwambia yote.

28 Mei

Wakili ametuita kila mmoja kwa wakati wake kutueleza. Kwa kuwa tunaachana kwa kuelewana, jaji hataki kujua sababu. Atataka kuhakikisha jambo moja tu, kwamba zaidi ya miezi sita hatujaishi kama mume na mke. Kila mmoja atathibitisha kwa mdomo wake.

"Ni swali la dakika moja," wakili akasema.

"Na mtu akisema walikuwa wanatoka pamoja? Kila wiki?"

Akavua miwani. "Bi Milada, mtu akisema hivyo, jaji ataanza kuchimba. Anaweza kukataa, ikabidi miezi ihesabiwe upya. Je, kuna lolote ninalopaswa kulijua?"

Nikamwambia nilikuwa nauliza tu.

Hedvika karuka kwenye kiti nilipomsimulia. "Sema! Umepata mwanya huo, sema! Mwambie jaji alikubusu juu ya Petřín, watu wote wanaona. Mwambie alilala begani kwako. Si uongo, ni kweli tupu! Miezi sita, Milada, mwanamume anabadilika mara ngapi kwa miezi sita? Kibanda kile kitamgandisha baridi ikirudi, atarudi anatambaa."

Ni kweli tupu. Hapo ndipo anaponishinda Hedvika. Sihitaji kudanganya hata neno moja ili nibaki mke wake.

3 Juni

Mvua. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Mheshimiwa, kila Jumamosi tulikuwa pamoja." Sauti yangu ni nzuri. Nitasema.

6 Juni

Nitasema.

7 Juni

Ukumbi ni mdogo kama darasa. Jaji ni mwanamke wa umri wa Radka, nywele kazibana, ana mafua. Olda alivaa suti ya mazishi ya baba yake. Tulikaa meza moja moja, katikati yetu njia.

Jaji alimuuliza Olda kwanza. Je, ni kweli tangu Septemba hamuishi pamoja kama mume na mke? Olda akasema ni kweli. Sauti ilimkauka, akarudia.

Kisha akanigeukia. "Bi Milada, nawe unathibitisha? Tangu Septemba hamna maisha ya ndoa, hamna mnachoshirikiana?"

Nilisimama. Maneno yote yalikuwa mdomoni, Jumamosi zote, mpea, bega. Nikamtazama Olda nione atafanya uso gani nikiyasema. Alikuwa hanitazami. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega yamepanda hadi masikioni, na nikaona anaogopa. Alijua ninachoweza kusema. Alikuwa ananiogopa mimi. Miaka thelathini nimemwona Olda amechoka, amelewa, ana homa, anamzika baba yake. Sijawahi kumwona ananiogopa. Na nikaona nikimpata leo, huyo ndiye nitakayempata, huyo aliyeshika meza, ndiye atakayevua viatu mlangoni kwangu kila jioni.

"Bi Milada?"

"Ni kweli," nikasema. "Hatuna tunachoshirikiana."

"Hakuna lolote?"

"Hakuna lolote, mheshimiwa."

Olda akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetolewa majini, ukumbi mzima uliisikia, hata mwandishi wa mahakama aliinua kichwa. Nitaisikia maisha yangu yote.

Kwenye korido alinifuata, macho mekundu, kofia mkononi. "Milada, nilitaka nikuambie—"

"Usithubutu," nikamwambia. "Usithubutu kunishukuru."

Nikashuka ngazi. Wanawake wengine huachwa kwa barua, wengine kwa simu. Mimi nimeachika kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilitamka vizuri, bila kukwama, mbele ya watu, huku nikimpenda.